Aliyesimama Amehama

Nyuma ya soko la Nakuru, chini kabisa ya ngazi za daktari wa meno, pana benchi refu la kanisa. Kanisa lenyewe lilihamia Njoro likasahau benchi hili, au labda liliwatazama waliokuwa wamelikalia likaona heri yaishe. Mpangilio wa pale ni huu: kibanda cha Joan anayeuza kahawa ya tangawizi, halafu pengo, halafu benchi, halafu nguzo ya stima. Sheria ya kijiwe nayo ni moja tu: aliyesimama amehama. Ukiinuka hata kwa ajili ya kumsalimu chifu, waliobaki wanatanua mapaja na kiti chako kinakuwa historia. Kwa sababu hiyo watu wa pale hufanya kila kitu wakiwa wamekaa. Husalimia wakiwa wamekaa, hugombana wakiwa wamekaa, na gari likitaka kupaki, huliongoza wakiwa wamekaa.

Alhamisi hiyo aliyekuwa amehama ni Mwalimu Bethwel, na alisimama akijua anachopoteza. Mwalimu alifundisha jiografia huko Molo kwa miaka thelathini na mmoja, akilichora Ziwa Turkana ubaoni kila muhula bila kuliona kwa macho hata siku moja. Alipostaafu alikuja akakaa kwenye benchi hili miaka sita. Kisha mwaka huu, bila kumwonya mtu, akanunua kigari kikuukuu cha mizigo, akakitia kitanda, jiko la gesi na mapazia ya maua. Kijiwe kikakiita Nyumba. Shabaha yake ilikuwa moja: aende akalione ziwa lile, na mkewe Chesang akiwa kando yake. Kwenda peke yake angeweza hata jana, lakini hakutaka.

Chesang naye alikuwa ametoa sharti asubuhi hiyo, mkono shavuni.

— Baba Kipkoech, mimi naenda kung'olewa jino. Nikishuka hizi ngazi nikute hii gari imepaki na imetulia, Jumamosi tunaenda hiyo Turkana yako. Nikikuta bado unazungushwa na watu wakikupigia kelele "kata, kata", mimi napanda matatu narudi Kiamunyi, na hii gari naweka kuku.

Hakuwa anatania. Mwezi uliopita, sokoni Molo, wanaume kumi na mmoja walijitokeza kumsaidia Bethwel kupaki, kila mmoja na usukani wake kichwani, na Nyumba ikapanda mkokoteni wa viazi. Chesang alijifunika leso uso mzima mpaka Njoro.

Sasa ilikuwa siku ya soko na magari yamejaa kila mahali. Nafasi iliyobaki ilikuwa lile pengo kati ya kibanda na benchi, na Nyumba ilikuwa ndefu kulishinda kwa hatua mbili.

— Kuja! Kuja na yote! alipaza sauti Trela.

Trela jina lake ni Mathenge. Aliwahi kuwa taniboi wa trela kwa miezi minne, mwaka wa themanini na nane, na tangu hapo hakuna gari lililopaki mtaa huo bila idhini yake. Yeye hukaa mwisho wa benchi, upande wa pengo. Katikati hukaa Odongo, fundi wa miavuli, ambaye huitwa Injinia. Upande wa nguzo hukaa Hiram, anayeitwa Askofu kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kulikalia benchi lile likiwa bado kanisani.

— Kata! Kata kabisa! Sasa nyoosha! Kuja, kuja, kuja... weee, simama!

Bampa ya nyuma ilisimama kando ya goti la Trela. Trela akauvuta mguu ndani. Makalio hayakusogea.

— Haiingii, alitoa uamuzi. Hiyo nguzo ndiyo shida. Watu wa stima wanawekanga nguzo bila kuuliza madereva.

Bethwel alitoa kichwa dirishani.

— Lakini nguzo iko huko nyuma yenu.

— Ndiyo maana ni hatari. Shida ya nyuma huwezi iona. Toka, uingie na kichwa.

Bethwel alitoka, akaingia na kichwa. Safari hii ni taa za mbele zilizosimama kwenye goti la Trela, na Trela akauvuta mguu ule ule.

— Nguzo tena, alisema kwa huzuni.

— Si nguzo, alisema Injinia. Ni upepo. Gari ikijazwa upepo inanenepa. Toa upepo kwa tairi zote nne, itakuwa fupi.

— Itakuwa fupi kwenda chini, alisema Bethwel.

— Mwalimu, fupi ni fupi.

— Wahenga walishasema, aliingia Askofu akipuliza kikombe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa gari gani inataka nafasi na haitaki kuinama?

— Hiyo methali si ya magari, Askofu.

— Wahenga hawakutaja gari kwa sababu hawakuwa nayo. Wangekuwa nayo wangetaja.

Bethwel alitazama juu, kwenye mlango wa daktari. Ulikuwa bado umefungwa. Aliingiza gia akajaribu tena, kwa nyuma, na benchi zima likaimba "kata" kwa sauti tatu. Bampa ikarudi kwa goti.

— Sasa nimeelewa, alisema Injinia. Ni jua. Chuma ikipata jua inatanuka. Hii gari asubuhi ilikuwa inatosha hapa vizuri sana.

— Kwa hivyo nifanye nini?

— Ngoja mvua.

— Itanyesha saa ngapi?

— Hapa sijui. Lakini Molo saa hii inanyesha. Enda huko ilowe, ijikunje, halafu urudi mbio kabla haijakauka.

— Mafuta atachoma bure, alisema Trela. Ita watu wa boda wanane. Wainue.

— Wakishainua?

— Wanaingiza kutoka juu. Kutoka juu hakuna kukata.

— Umoja ni nguvu, alisema Askofu, ndiyo kila mtu abebe mzigo wake.

Joan aliinamisha birika akasikiliza kilichobaki ndani.

— Wazee, kahawa imebaki kikombe moja. Na hiyo gari ikikaa hapo katikati wateja hawapiti.

— Wewe ngoja, tuko kazini, alisema Trela. Mwalimu, hebu nikuulize. Hii ni gari ya kulala, si ndiyo?

— Ndiyo.

— Iko na kitanda?

— Iko.

— Basi ilaze ubavu. Itaingia na nafasi ibaki.

Miaka thelathini na mmoja ya kusahihisha mitihani ilikuwa imemwonyesha Bethwel majibu mengi ya makosa, lakini hakuwahi kukutana na makosa yenye utulivu kama ule. Na aibu ni kwamba yalianza kumwingia. Kengele ya kanisa la mbali iligonga saa tano. Alishuka garini, akachuchumaa kwenye tairi ya nyuma, akafungua kifuniko cha upepo akakishika mkononi. Fupi ni fupi, alijisemea. Hatua moja ingepatikana kwa upepo, nyingine labda kwa maombi.

Ndipo mlango wa juu ulipofunguka.

Chesang alishuka ngazi polepole, pamba kinywani, shavu limevimba. Aliiona Nyumba ikiwa nusu ndani ya pengo na nusu barabarani. Akamwona mumewe amechuchumaa. Na wakati huo huo, ingawa gari halikuwa na dereva wala halikuwaka, Trela akapaza sauti:

— Kata, Mwalimu! Kata!

Chesang alifungua mkoba akaanza kutafuta nauli.

— Mama Kipkoech, alisema Bethwel akiinuka haraka. Imebaki kidogo tu.

— Imebaki nini?

— Hatua mbili.

Alilisikia jibu lake mwenyewe. Hatua mbili, na ziwa lote linabaki ubaoni. Aliwaona kuku wakipanda na kushuka kwenye kile kitanda alichokipiga randa mwenyewe wiki tatu.

Chesang alikuwa ameshageuka kuelekea stendi. Lakini ni mtu mwenye adabu, hawezi kuwapita wazee kimya. Miaka yote sita alilisikia benchi hili likitajwa nyumbani kila jioni, wala hakuwahi kulitazama vizuri; hata asubuhi alilipita ameshika shavu.

— Hamjambo, wazee.

— Hatujambo, mama! Karibu! waliitikia, wamekaa.

Alilitazama benchi. Akalitazama pengo. Akalitazama benchi tena.

— Kwani hii benchi imechimbiwa chini?

Injinia alimtazama Trela. Trela alimtazama Askofu, ambaye kwa haki ndiye aliyelifahamu benchi tangu zamani. Askofu alitazama mawingu. Ili kujua ilibidi mtu achungulie chini, na kwa umri ule na matumbo yale hakuna awezaye kuchungulia chini ya benchi bila kuinuka. Cha mvunguni kilikuwa kimepatikana sasa, cha kuinamiwa kweli kweli, na Askofu hakuwa na methali hata moja.

— Mama, hiyo ni swali ngumu, alisema Trela mwishowe.

— Benchi imekuwanga hapa, alisema Injinia.

— Sijauliza imekuwanga wapi.

Bethwel alihisi masikio yakimwaka moto. Miaka sita alikuwa amekikalia kitu kile kila siku, akakizoea mpaka hakioni tena. Yeye hakuwa na kiti cha kupoteza. Alipiga magoti, akachungulia.

— Imewekwa tu juu ya mawe, alisema. Mawe manne.

— Basi simameni muisongeze, alisema Chesang.

Askofu alimweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni katekisimu.

— Mama, hapa aliyesimama amehama. Ni sheria.

Chesang alihamisha pamba kutoka shavu moja hadi lingine.

— Basi hameni nayo mkiwa mmekaa.

Walilitafakari jambo hilo. Walilipima huku na huku, wakakosa kifungu kinacholikataza. Basi walishika ubao chini ya mapaja, wakainua makalio na benchi kwa pamoja, magoti yamekunjwa, wakaenda kiubavu kidogo kidogo, Askofu mbele, Injinia akihema katikati, Trela nyuma. Walipita kati ya ukuta wa soko na nguzo. Hatua ya pili ilipotimia wakajitupa chini juani, benchi likalia, na mtu hakuwa amesimama. Joan ni shahidi.

Walipokuwa wakihama, Bethwel alikuwa ameshaingia garini. Alirudi nyuma, akakata mara moja, akanyoosha, akasimama. Mikono sita ilikuwa imeshika benchi na vinywa vitatu havikuwa na pumzi, kwa hiyo hakuna aliyesema kata.

— Niliwaambia shida ni nguzo, alisema Trela alipopata sauti. Tumeipita, mmeona imeingia?

Joan aliwapindulia birika wote waone. Kahawa ilikuwa imeisha.

Chesang alirudisha nauli mkobani. Alifungua mlango wa ubavuni, akapanda, akakaa kitandani. Alishika pazia, akabonyeza godoro, akasikiliza kimya cha humo ndani. Bethwel alisimama mlangoni na kile kifuniko cha upepo bado mkononi, akingoja kama mwanafunzi anayengoja alama.

— Baba Kipkoech.

— Naam.

— Na hapa nikisimama, nikirudi nitakuta kiti changu?

Bethwel alikitia kile kifuniko mfukoni.

— Utakikuta, alisema.

— Haya. Toa gari twende nyumbani, nikapange nguo.

Bethwel alifunga mlango taratibu, akazunguka, akawasha. Kule nyuma ya nguzo Trela alivuta pumzi ndefu, kidole tayari hewani, na Injinia akamkanyaga mguu, akiwa amekaa.