Ndoto ya Jino

Katika mtumbwi wa abiria kwenye mto Napo, katika msitu wa Amazoni, Nelva alikaa nyuma ya mzee Casimiro. Nelva alikuwa anakwenda mkutanoni kupiga kura iwapo mzee aendelee kufasiri ndoto kwenye nyumba ya wageni ya kijiji chao au aondolewe. Mama wa kijiji kingine alikuwa amembana mzee kwa maswali.

"Eti mgeni aliota jino limeng'oka, ukamwambia kwao kuna msiba?"

"Aliniuliza alfajiri, tukinywa chai ya guayusa. Ndoto huulizwa hapo, hujibiwa hapo."

"Wageni wanne wakafunga mizigo, mzee! Ungesema atapata mchumba, ungepungukiwa nini?"

"Nidanganye watu mbele ya moto wa babu zangu?"

"Basi kaoteni njaa, wewe na babu zako."

Nelva alijua kijiji cha mama huyo hakina hata kitanda cha kukodishia wageni.

Ukingo ulipokaribia, mama akashusha sauti. "Mzee wangu, jana niliota nyumba yangu inaungua. Maana yake nini?"

"Unataka jibu la kumfurahisha mgeni, binti yangu, au la kwetu?"

Injini ikazimwa, mtumbwi ukagusa mchanga, na mzee hakuinuka. Alikuwa bado anamngoja mama achague.