Sista Vestina na Ndoo ya Getini

Sista Vestina Ndayikeza ametumikia wagonjwa miaka thelathini na moja, na Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, anastaafu. Wasifu wake nimepewa mimi, Sylvesta, mlinzi wa geti. Mimi naongea, Esteri wa masjala anaandika, na nimemkataza kunirekebisha. Kituo hiki cha afya hakuna anayenishinda kusimulia. Hata mganga mfawidhi akihutubia, watu wanachungulia getini kuona kama nipo.

Kwao ni Busunzu. Alianza kazi Kibondo mwaka 1994, wakimbizi wakiingia kama mvua, halafu akaletwa hapa Kasulu, chumba namba sita, magonjwa ya ngozi. Aliyekuja na mikono iliyopasuka kama udongo wa mwezi wa nane, Sista alimvua viatu kwanza. Watu walibisha sana. Mmoja alimwambia, "Sista, nimeleta mikono, miguu nimekuja nayo tu!" Lakini yeye alitafuta fangasi miguuni, akakwangua ngozi kidogo ikapimwe, ndipo akauliza swali lake: "Toka umeamka, mikono yako imeshika nini?"

Mama Consolée wa kambini Nyarugusu alifika kwake baada ya kupakwa dawa ya fangasi miaka miwili. Watu walikuwa hawampi mkono, wakidhani ni ukoma.

"Baliniroga, Sista," akalia.

"Unapika sabuni?"

"Ndiyo, ya kuuza."

"Basi mchawi wako ni kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni."

Akamweleza kwamba ile ni pumu ya ngozi, na imeshakuwa sugu. Akampa mafuta makali ya kupaka wiki chache halafu kupunguza, vaselini nzito kila akinawa, na glovu za pamba za kuvaa ndani ya zile za mpira. Miezi minne baadaye yule mama alirudi akampa mkono kila aliyekuwa kwenye foleni. Mimi alinipa mara mbili, mnajua sura yangu.

Sasa nafika pasipochekesha.

Mwaka wa korona ililetwa ndoo ya klorini, nikakabidhiwa mimi. Bomba la chumba namba sita lilikuwa limekufa, kwa hiyo Sista kila akimaliza mgonjwa alikuja kunawa getini. Mara thelathini, arobaini kwa siku. Wengine walinawa mara moja wakapita. Kabla mwaka haujaisha vidole vyake vilikuwa vyekundu, vikatoa malengelenge, vikapasuka, vikatoa damu kwenye daftari la wagonjwa.

Akabadilisha glovu. Akabadilisha sabuni ya nyumbani. Akajikwangua mwenyewe, fangasi hakuna. Akienda likizo Busunzu mikono inatulia, akirudi kazini wiki moja tu inawaka. Alihangaika hivyo miaka miwili, yeye aliyewagundulia wengine wote. Mimi nilikuwa namtania: "Sista, mikono yako haipendi kazi, inataka kustaafu kabla yako." Alikuwa anacheka. Mungu anisamehe.

Siku moja akaja akakaa kwenye benchi langu.

"Mzee Sylvesta, kwenye ndoo hii unaweka nini?"

Nikanyanyua kikombe changu cha chai, kwa majivuno. "Klorini, kikombe kimejaa! Wenzangu wanaweka kwa woga. Mimi ugonjwa ukiniona unageuza njia."

Juu ya kichwa changu ukutani palikuwa na karatasi. Nimeegemea karatasi ile miaka miwili. Akanisomea: kijiko kimoja.

"Mzee wangu, mbona hukuuliza?"

Nikakiweka kikombe chini. Kusoma sijui, na niliona aibu kuuliza, basi. Ningefukuzwa siku ileile, na ningestahili. Sista hakumwambia mtu. Alinionyesha kijiko, akaanza kuja na jagi lake la maji na sabuni laini, akaendelea kuhudumia watu. Nalisema leo kwa sababu yeye hakulisema.

Lakini ngozi ilikuwa imeshazoea kuumwa. Dawa inatuliza, haimalizi. Tangu Januari kalamu inamponyoka, sindano kawaachia wengine. Anakwenda Rungwe Mpya, alikonunua heka mbili za maharage akiwa bado na mikono ya kushika jembe.

Nikamwambia Jumamosi zote nitakuja kulima mimi. Mimi ni mkulima hodari kuliko wote wilaya hii, muulizeni yeyote asiyenijua.

"Njoo," akasema. "Lakini mbolea nitapima mwenyewe."

Ijumaa, ndugu zangu, najua sisi tukisalimiana mtu hauachi mkono mpaka aulize habari za mbuzi. Siku hiyo msimkamate mkono. Pigeni makofi, mseme mwakeye, salamu yetu Waha, inatosha.

Sista Vestina, asante kwa wote uliowafanya washikwe mikono tena. Asante kwa kunyamaza, ingawa kunanisumbua kuliko kelele. Nenda ukapumzike, na maisha ya shambani yakuonee huruma kuliko getini kwangu.

Kijiko nimekifunga kwenye ndoo kwa kamba. Kila mlinzi atakayenirithi nitamsomea ile karatasi. Nimeishika kichwani.