Jiwe la Yonas Litazamwe Juani

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Isdori, kaa hapa ubavuni. Avelina, niinue kichwa. Nawe Jenifer, mjukuu wangu, usisimame huko kama mgeni, hii ni nyumba ya baba yako Yonas, na leo nitasema kwa nini alifia ugenini Kasesya wakati kwao ni hapa Pito.

Jiwe mnalijua. Yonas aliliibua kwa jembe tukibomoa ntumba, matuta yetu ya majani, ili tusie ulezi, jua la saa sita, na sote tuliliona: kijani kibichi kama jani la maharage. Marehemu baba yenu akamkabidhi alitunze. Ndipo akaja yule mnunuzi. Biashara ilikuwa imeshaachiwa huru, redio inatangaza kila siku, lakini woga wetu ulikuwa palepale. Tulizoea kuuza vitu kwa kujificha, basi tukamwingiza ndani jioni, tukafunga madirisha, tukawasha koroboi. Yonas akafungua kitambaa. Jekundu, wanangu! Jekundu kama damu ya kuku. Mnunuzi akaguna, akachukua kofia yake, akaenda zake. Isdori, ukamkaba mdogo wako shati, ukasema, "Umelibadilisha, mwizi wewe!" Naye akasema neno moja tu: "Kaka, ndilo hilohilo." Nani alimsikia? Baba yenu akamfukuza, na Yonas akaliacha jiwe mezani, akaondoka na nguo alizovaa.

Nilimlilia mwanangu mpaka macho yakafifia. Alfajiri moja, kabla ya misa, nikalitoa lile jiwe chunguni nilimolificha, nikalitazama kwenye koroboi, jekundu vilevile, nikalichukia, nikatoka nikalitupe chooni. Nje kumeshakucha. Nikafungua kiganja: kijani! Nikarudi kwenye taa, jekundu. Nikatoka, kijani. Mama wee, nilikaa chini pale uani nikapiga yowe. Baadaye mtu anayeyajua mawe aliniambia yapo ya namna hiyo, kwamba taa ina mwanga wake na jua lina wake, na jiwe moja huonyesha rangi mbili. Ndiyo maana wajuzi hao hawataji jina wala daraja la jiwe kabla hawajalitazama kwa jua na kwa taa. Sisi jua tulikuwa nalo bure, tukafunga madirisha.

Siku ileile ya yowe langu nilituma mtu Kasesya. Akarudi na Jenifer, na habari ya kaburi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Shikeni ninayoagiza. Shamba la bondeni ni la Avelina, ng'ombe ni wa Isdori. Jiwe ni la Jenifer. Mnunuzi akija, litoeni juani kwanza, kisha kwenye taa, na mwenyewe awepo. Nawe Isdori, Jumapili watu wakitoka kanisani, simama pale uwanjani, mchana kweupe, useme kwa kinywa kilekile kilichomwita mwizi: Yonas hakuiba. Usimtume padri akusemee.

Mungu awape mvua kwa wakati wake, awape... Avelina, maji. Kidogo tu. Awape kupendana, maana mimi... nimechoka.

Isdori, mbona unanililia mimi? Mimi nakwenda kwake. Jenifer anasema kila lori likija kutoka huku kwetu Sumbawanga baba yake alikuwa anasimama barabarani, anachungulia. Mimi hakuniulizia, mwanangu. Alikuwa anakungoja wewe.