Tak Mi-rye, Mwalimu Aliyeomba Radhi kwa Sababu ya Bakuli

Jambo la kwanza ambalo kila mtu alilitambua kwa Mwalimu Tak Mi-rye ni subira yake ya kungoja. Aliuliza swali, akaweka mikono nyuma, akanyamaza mpaka ajibiwe, hata kama anayeulizwa alifika Korea mwezi uliopita na hajui kuomba maji. Jumanne asubuhi alinyamaza vivyo hivyo mbele ya darasa, na wanawake kumi na wanne wakadhani anangoja jibu. Walipong'amua kwamba hangoji tena, alikuwa ameshaanguka.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1967 huko Yuchi, wilaya ya Jangheung, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Mzee Tak Jong-ryeol na Bi. Wi Sun-ae. Alisoma shule ya msingi kijijini na sekondari mjini Jangheung, kisha akahitimu lugha na fasihi ya Kikorea katika chuo kikuu huko Gwangju, Februari 1990. Mama yake alisimulia kwamba akiwa na miaka saba alimsahihisha mchungaji katikati ya mahubiri, na hakuona kosa lake mpaka alipochapwa.

Tarehe 23 Oktoba 1993 alifunga ndoa na Bwana Pyo Gwang-seop, mkulima wa uyoga. Walijaliwa watoto wawili, Ha-ryeong na Geon-u.

Alifundisha sekondari ya wasichana kwa miaka ishirini na mmoja. Mwaka 2011 alianza kuwafundisha Kikorea wanawake wa kigeni walioolewa wilayani. Aliwaandalia pia karatasi ya adabu za mezani, na mstari mmoja ulisema: bakuli la wali halinyanyuliwi, anayelinyanyua ni ombaomba. Kila darasa liliusoma kwa sauti. Aliusoma pia Luong Thi Nhan, aliyetoka Thai Binh, Vietnam, mwaka 2016, kuolewa na mwana wa Bibi Cheom-nye. Nyumbani, mama mkwe wake alikuwa amemwambia neno lilo hilo. Nhan hakubisha. Alianza kula jikoni, peke yake, amesimama, na kwa miaka miwili mwalimu wake hakujua.

Agosti 2018 Nhan alimkaribisha Mwalimu kwa wazazi wake, huko Thai Binh. Walitandika mkeka, wakapakua. Mwalimu aliweka bakuli chini, akaliinamia kwa heshima zote za Kikorea. Mama yake Nhan alinong'ona jambo, na Mwalimu akashikilia atafsiriwe.

"Anauliza kama mgongo unakuuma," Nhan akasema.

"Mwambie hauumi. Kwani vipi?"

Nhan alitazama chini. "Kwetu, mwalimu, anayeinamia bakuli ni ng'ombe."

Wenyeji walicheka, wakamwonyesha namna ya kulishika. Yeye hakucheka. Bwana Pyo anakumbuka kwamba aliporudi hakula siku nzima. Alisema amefundisha aibu kwa miaka saba akidhani anafundisha lugha. Alisimama mbele ya darasa, akaomba radhi, akaifuta karatasi ile. Tangu hapo, kila alipofundisha desturi ya hapa, alimtaka mwanafunzi aeleze ya kwao kwanza.

Kisha akaenda kwa Bibi Cheom-nye. Bibi alimpokea mlangoni.

"Nilikuletea mkaza mwana umfunde. Sasa umekuja kunifunda mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi utachoka wewe kabla yangu."

Alikwenda kila Alhamisi. Mwaka wa pili, Nhan aliitwa mezani. Ila jambo moja Bibi alilikataa katakata: kwenda Vietnam kuwaona wakwe zake, wazazi wa Nhan, ambao walimwoza binti na hawajawahi kumtia machoni mama mkwe wake. Baba yake Nhan ana moyo mbovu, na Nhan alihofu atakufa akiamini kwamba binti yake alichukuliwa na watu wasiomtaka. Januari mwaka huu Bibi alikubali, kwa sharti kwamba Mwalimu, ambaye kufikia hapo alikuwa amejifunza Kivietnam, amsindikize awe mkalimani. Tayari Mwalimu alikuwa amemfundisha Bibi sentensi nane za Kivietnam, na pia mahali pa kunyamaza.

Hakuugua. Tarehe 15 Aprili 2025 alilalamikia kichwa asubuhi, akamwambia mumewe ni usingizi tu. Saa nne na dakika arobaini alianguka. Saa saba mchana daktari alisema mshipa umepasuka kichwani. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Hadi leo, tunapomzika, simu ya darasa inapigwa na watu wanaouliza kama ni kweli.

Ameacha mume, watoto wawili, mama yake mzazi mwenye miaka themanini na tisa, kaka na wadogo wawili, na wanafunzi zaidi ya mia tatu.

Jana kwenye matanga watu walimshauri Bibi Cheom-nye aahirishe safari. Nhan alikuwa kando yake, hakuthubutu kuinua uso.

"Mwalimu amekufa," Bibi alisema. "Wakwe zangu hawajafa. Nhan, utanitafsiria wewe, na nikikosea usinifiche."

Mwenyezi Mungu amlaze Mwalimu wetu mahali pema. Ndege inaondoka Jumamosi ijayo, tarehe 26, saa nne asubuhi, na huko Thai Binh baba yake Nhan ameshafagia ua mara mbili na anapiga simu kila jioni kuuliza kama wameshatoka.