Kipimo cha Mlango

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini mama mmoja mshonaji, pini bado zimechomekwa kwenye kola, alikwenda kukaa ubavuni mwa seremala mwenye penseli nyuma ya sikio. Kumbe alikuwa na lake.

"Fundi, mtu anapima mlango wa chumba cha wazazi wake kwa nini?" aliuliza. "Mwanangu, kitindamimba, ana miaka thelathini na sita. Pale nyumbani hajawahi kuhamisha hata kijiko. Jana nimemkuta anapima mlango wetu, huku anapiga mluzi."

"Labda anawanunulia kitanda, mama. Mtoto mwema huyo."

"Mtoto mwema huhama kwao." Akashusha sauti, nami kwenye kiti cha nyuma yao nikaacha kujifanya nasoma. "Ana mchumba. Chumba chake kidogo, chetu kina madirisha mawili. Baba yake anasema namwonea. Huyo mzee atatolewa na godoro lake akiwa bado anakoroma."

"Si umuulize mwenyewe?"

"Nimemuuliza. Eti nisubiri nitaona."

Hapo hata mimi nilimshuku kijana, ingawa nina miaka arobaini na ufunguo nilio nao mfukoni ni wa kwa mama yangu.

Mama akatoa futi mkobani. Alikuwa amemwibia mwanawe. "Niambie ukweli, fundi. Sentimita themanini ni za kuingiza kitanda au za kutoa?"

Basi likasimama kituoni kwake. Seremala akainuka kumpisha, akaitazama ile futi.

"Mama," alisema taratibu, "kipimo ni kilekile."