Darubini Zote Zina Ukungu

Baraza ya Silima iko nyuma ya soko la Darajani, mahali ambapo harufu ya samaki ng'onda na harufu ya karafuu hugombania pua moja. Ni jiwe refu la chokaa, limekaliwa na watu mpaka likang'aa. Kila siku baada ya sala ya alasiri Silima huweka hapo dele lake la kahawa juu ya makaa, akagonganisha vikombe, na wenyewe wakaja. Wasiokosa ni wawili. Kuna Msabah, aliyekwenda vitani Bama akarudi bila ncha ya sikio, na toka hapo hata mkewe humwita Bama. Na kuna Abdulla Bandari, aliyechochea makaa melini miaka tisa, na hakuna bandari asiyokuwa na habari yake, ya kweli au ya kutunga. Siku hiyo alikuwepo na wa tatu, Kificho, msasi wa nguruwe kutoka Paje, shemeji yake Bama. Kificho alishuka garini asubuhi na hasira, akala chakula cha mchana na hasira, na sasa alikaa barazani kaipakata hasira hiyo hiyo pamoja na gunia lenye darubini tatu za bunduki.

Darubini hazikuwa zake. Zilikuwa za Kanji, muuza vyuma vikuukuu wa uchochoro wa pili, masalio ya vita. Kanji alimruhusu akaziangalie kweupe, kwa sharti aache dukani fedha alizokuja nazo, shilingi sitini ndani ya leso. Na shilingi hizo nazo hazikuwa zake. Zilikuwa za wanawake wa Paje, waliopiga makumbi ya nazi na kusokota kamba miezi minne, kwa kuwa nguruwe walikuwa wanawamalizia mihogo. Bi Mwatum, mkubwa wao, alimsindikiza mpaka garini akamwambia maneno mafupi: ukirudi na darubini, rudi, ukirudi na maneno, bunduki tunampa Simai.

Bunduki ya kijiji ilikuwa mikononi mwa Kificho miaka ishirini na sita. Simai ni kijana ambaye Kificho mwenyewe ndiye aliyemfundisha kulenga.

— Hebu tuanze moja moja, shemeji, alisema Bama. Ipi bei gani?

— Hii ndefu, ya Kijerumani, mia na arubaini. Hii ya kati, tisini. Hii fupi, hamsini na tano.

— Na weye unazo sitini.

— Nnazo sitini.

— Basi unayo moja tu ya kuchagua. Tunagombana nini?

— Tunagombana kwa sababu hujui kitu, alidakia Abdulla Bandari. Darubini hainunuliwi kwa leso, inanunuliwa kwa masafa. Achukue ndefu. Iliyobaki amlipe Kanji kwa nazi.

— Kanji anauza vyuma, yakhe. Nazi azifanye nini?

— Karachi nimeona kwa macho yangu mtu kanunua injini ya meli kwa mbuzi.

— Mbuzi wangapi?

— Sikuwahesabu. Nilikuwa kazini.

Silima alicheka chinichini akajaza vikombe. Kificho hakucheka. Alipokea chake akakinywa kwa mkupuo mmoja, kahawa ikamuunguza ulimi, akaikasirikia na kahawa.

— Nguruwe wenyewe unawapata umbali gani? aliuliza Bama.

— Hatua mia mbili. Alfajiri kukipambazuka wanatoka msituni kuja kwenye mihogo, na pale katikati uwanda mtupu, mawe matupu. Ukisogea wanakusikia.

— Mia mbili, fupi inatosha. Mpelekee Kurwa mhunzi akufungie juu ya bunduki, mambo yeshe.

— Kurwa haigusi bunduki yangu tena. Mwaka juzi alinipindia ile ncha ya kulengea. Dume zima limesimama kisimani, limetulia kama ng'ombe wa kuuzwa, nami nikakosa. Nikamwambia Kurwa, weye umenipindia. Ati anakana.

— Si uliniambia risasi zilikuwa mbovu?

— Risasi mbovu ni za mwaka jana. Za Mmanga, mwenye duka la kijiji. Kazinunua, kaziweka ndani zikaingia unyevu, nimekosa mara nne. Sisemi naye mpaka leo.

— Na Simai?

Hapo kifua cha Kificho kilipanda.

— Simai usinitajie. Nilimwona nguruwe, Bama. Nilimwona. Nikapiga, akaanguka Sijali, mbwa wake Simai mwenyewe. Mbwa kamfungulia kabla ya wakati, kampitisha mbele ya bunduki, halafu anasimama mbele ya wazee ananionesha kidole. Ati, Mzee Kificho, jicho lako hilo. Mie? Nikamtukana matusi ambayo sijawahi kumtukana mtu. Na ntamtukana tena.

Kila mmoja alijua kuwa mbwa wa msasi si mbwa wa kupita njiani. Sijali alikuwa na jina, na nguruwe waliokufa mbele yake walikuwa hawahesabiki.

— Haya, alisema Bama kwa upole. Chukua fupi, yeshe hayo.

— Sichukui. Zote tatu mbovu.

— Mbovu vipi?

— Zina ukungu. Kila ninayotia jicho ni kama natazama ndani ya chandarua. Nimemwambia Kanji mbele ya wateja wake, wee ni mwizi, unauza vioo vilivyokufa. Ananiapia kuwa ni safi. Muuzaji atasema nini tena?

Bama alinyoosha mkono apokee moja aitazame. Kificho alilivuta gunia haraka.

— Hapana. Asitie jicho mtu.

Hilo ni sharti la wasasi wa kusini, na Bama, aliyeoa huko, alilijua. Bunduki iliyokwisha kuzindikwa na mganga hailengwi na mtu mwingine, na kitakachofungwa juu yake hakitazamwi na jicho jingine kabla ya jicho la mwenyewe kukikubali. Jicho la mwingine likitangulia, shabaha inagawika, nusu yako nusu yake. Kwa hiyo Bama aliurudisha mkono wake, na Abdulla Bandari, aliyekuwa kaanza kuinuka, akakaa. Wakabaki na kazi moja, kueleza ukungu ambao hawajauona.

— Ni chumvi, alisema Bama. Hivi vitu vimevuka bahari. Kule Bama darubini zetu zilikuwa zinaota ukoga ndani. Afisa wetu alikuwa anaibanika ya kwake juu ya moto kama muhogo.

— Ikapona?

— Ikapasuka.

— Chumvi gani inayoingia kwenye darubini tatu kwa kipimo kimoja? alisema Abdulla. Nyie hamjui dunia. Vile si vioo vya darubini. Vioo vya asili vimeshatolewa huko Bombei, vikatiwa vioo vya madirisha ya choo cha meli. Mimi nimeoga nyuma ya vile vioo miaka tisa. Vimefanywa makusudi mtu asikuone.

Kificho alizikumbuka zile fedha. Shilingi sitini za kamba, viganja vya wanawake vimechubuka, na mtu anakuuzia dirisha la choo.

— Nilijua, alisema. Nilijua tu.

— Hata hivyo si Bombei, alisema Silima, ambaye kwa kawaida husema kidogo na huuza zaidi. Mmeshaona Mzungu kaja na darubini akalalamika ukungu? Hakuna. Zao safi. Zinazokuja kuuzwa kwetu zinapakwa dawa hukohuko kiwandani. Wenyewe hawataki tuone mbali.

Neno hilo liliwaingia wote. Miaka ile ukisema wenyewe hawataki, huna haja ya kutaja nani.

— Naam, alisema Abdulla. Leo unaona nguruwe kwa hatua mia mbili, kesho utaona nini? Utaona mpaka ndani ya daftari zao.

— Basi narudi kwa Kanji, alisema Kificho. Anipe leso yangu, na hizi darubini nazivunja mbele ya mlango wake. Halafu nakwenda serikalini niwaambie: mnataka ushuru wa mihogo, na kitu cha kuilinda mihogo mnatupa kipofu. Na Bi Mwatum akitaka kumpa Simai bunduki, ampe. Wote wameshaungana juu yangu. Kurwa, Mmanga, Simai, Kanji, na huyo aliyepaka dawa.

— Punguza, shemeji.

— Sipunguzi.

Alilikung'uta gunia, darubini zikatoka zikalala juu ya jiwe, naye akainama kutafuta viatu vyake chini ya baraza. Ndipo alipotokea Duni.

Duni alikuwa fundi cherehani kutoka Tumbatu, mgeni wa mtaa, siku ya nne tu tangu aweke cherehani yake kwenye kibaraza cha pili. Alikuja na senti zake za kahawa mkononi na sindano tatu zimechomekwa kifuani kwenye fulana.

— Asalaam alaykum. Shikamoo, mzee.

— Marahaba, alijibu Kificho kutoka chini ya baraza, kwa kuwa hasira haimzuii mtu kujibu salamu.

Tumbatu hakuna msasi. Duni hakujua sharti wala zindiko. Aliiona darubini fupi mbele yake, akaiokota, akaitia jichoni, akaielekeza juu ya paa la soko. Bama alifungua mdomo kumkataza, lakini alikuwa kachelewa.

— Lo, safi hii, alisema Duni. Yule kunguru kule juu ya bati kashika utumbo wa samaki. Ana unyoya mmoja umekatika.

Kificho aliinuka na kiatu kimoja mkononi.

— Nani kakutuma?

— Sikutumwa, mzee. Nimetazama tu.

— Umetazama nini? Hiyo ina ukungu.

— Haina. Alichukua ya pili, akaitazama, kisha ya tatu. Hizi nazo hazina. Hii ndefu naona mpaka kutu ya misumari.

Bama na Abdulla hawakutazamana. Silima alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Kificho alimsogelea yule fundi mpaka karibu, kakunja ngumi, na pengine angempiga. Lakini Duni hakurudi nyuma. Alikuwa anamtazama usoni kwa utulivu, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

— Unalengea jicho gani, mzee?

— La kulia. Kwani watu hulengea lipi?

— Na la kushoto umeshajaribu?

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, na hapana mtu barazani aliyekuwa amelifikiri. Kificho alimnyang'anya darubini ili amwoneshe ujinga wake. Akafumba jicho la kulia, akatia la kushoto, akaielekeza kwenye bati.

Kunguru alikuwepo. Utumbo wa samaki ulikuwepo. Unyoya uliokatika ulikuwepo, upande wa mkia. Alihamisha, akatia jicho la kulia, na chandarua kikarudi. Akarudia kushoto. Akarudia kulia. Akachukua ndefu, akafanya vivyo hivyo, akachukua ya kati. Watu waliokuwa wanapita na vikapu walimwona mzee analitazama soko kwa macho ya kupokezana, wakaenda zao.

— Pengine la kushoto ndilo lililotiwa dawa, alianza Abdulla Bandari. Maana kuna dawa ya...

— Nyamaza, Abdulla.

Kificho alikaa. Kiatu bado kilikuwa mkononi.

— Hebu nitazame, alimwambia Duni. Lina nini?

Duni alichuchumaa, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja kuelekea kwenye jua.

— Lina weupe katikati. Mtoto wa jicho, mzee. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa naye. Sindano ilikuwa inamtoboa kidole, anapiga kelele kuwa tumembadilishia sindano. Alifukuza wanafunzi wawili. Hospitali wanalitazama. Limeanza lini?

Kificho alikiweka kiatu chini.

Alihesabu kwa vidole. Sijali alianguka mfungo mosi, na wakati huo jicho lilikuwa limeshaanza. Mwaka jana, zile mara nne, risasi za Mmanga. Nazo zimo katika hesabu. Akarudi nyuma mpaka kisimani, lile dume lililosimama, na sasa alikumbuka kuwa asubuhi ile alidhani ni umande. Alikumbuka kuwa alijifuta jicho kwa mkono kabla ya kupiga, na bado akaenda kumshika Kurwa shingoni mbele ya watoto wake.

— Simai aliniambia, alisema. Aliniambia kwa adabu, mbele ya wazee. Nami nikamtukana mama yake aliyekwisha kufa.

Aliona haya, na haya ilimuuma kuliko hasira ilivyokuwa ikimuuma, kwa kuwa hasira alikuwa kaizoea. Bama alimwekea mkono begani. Silima alilipindua dele kumpa kikombe cha mwisho, likatoa machicha tu.

— Imekwisha, alisema Silima.

Kificho alivaa viatu vyake. Alizirudisha darubini guniani moja moja, akizifuta kila moja kwa pembe ya kanzu, ijapokuwa zilikuwa safi.

— Unakwenda wapi, shemeji?

— Kuchukua leso ya wanawake. Bunduki atashika Simai, akinipokea mlangoni kwake. Kurwa na Mmanga ntawakuta gari ikifika.

— Na hapa?

— Hapa naanza na Kanji. Ndiye wa karibu.

Aliingia uchochoro wa pili polepole, mkono mmoja umeshika gunia, mwingine unapapasa ukuta upande wa kulia.