Ndiga za Mama Yake Deo

Kijiwe chetu kipo Kilwa Masoko, ubavuni mwa duka la misumari: benchi mbili, jiko la mkaa na ndoo ya kusuuzia vikombe. Mimi Abdala ndiye mwenye dele la kahawa, na kusema kweli wateja wangu wananichosha, maana wanakunywa kidogo na kuongea kutwa. Yupo Nikodemo, tunamwita Redio kwa kuwa hazimwi. Yupo Majid, Daktari, aliyewahi kulinda geti la zahanati, basi anajua magonjwa yote ya dunia. Yupo Abilahi, tunamwita Mkwe, sababu hamalizi maneno mawili bila kumtaja mama mkwe wake wa Kitomanga, na juzi ndiko alikokwenda. Na yupo Deo, fundi seremala, mtu wa Kipatimu. Huyu mpole ndiye aliyetuletea balaa, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Balaa lenyewe chakula. Pasaka Deo alitualika wote kwake, wa msikitini na wa kanisani, akatupikia ndiga, kile kiazi cha porini ambacho wenzetu wa milimani hukimbilia mwaka wa njaa. Lakini mama yake marehemu alikipika kwa tui zito na ufuta uliokaangwa ukatwangwa, ukila unajilamba mpaka kiganja. Mama huyo aliwanyima mapishi hata mawifi zake. Deo akasema hataki yaozee kaburini. Akatueleza hapahapa, hatua kwa hatua, macho yanang'aa kama mtu anayeposa: chemsha, mwaga maji, tia tui, ufuta mwisho. Tangu siku ile kila aliyekaa benchi hii alisimuliwa ndiga, atake asitake, na Deo alikuwa akiona raha mpaka mimi mwenyewe nikaona raha.

Leo asubuhi Redio akaweka simu katikati ya benchi, tusikie sauti aliyorekodi Abilahi.

— Jamani, nimezichimba mwenyewe porini, kikapu kimejaa. Mchana huu mama mkwe anakula ndiga za Deo. Mtanikoma.

Tukacheka sana. Deo hakucheka. Aliweka kikombe chini, kikapinduka, wala hakukiokota.

— Kasema kazichimba?

— Si umesikia, Redio akasema. Mbichi, za leoleo.

— Mbichi zina sumu.

Hapo hata Redio alizima. Majid akataka kujua mbona sisi tulikula na tuko hai. Deo akaeleza. Zile tulizokula zilitoka Kipatimu zikiwa zimekatwa vipande na kukaushwa, kama makopa ya muhogo. Kabla ya kukaushwa, mama yake mdogo alizilaza mtoni, kwenye maji yanayokwenda, siku na siku, mpaka ule uchungu ukaisha.

— Sasa mto mbona hukuutaja? nikamuuliza, na nilimuuliza kwa hasira.

— Mzee Abdala, kwetu mto si mapishi. Mto kazi ya kina mama. Mimi toka mtoto nakuta vipande kwenye kiroba, napika.

Tukapiga simu. Haipatikani. Tukapiga tena, vilevile. Redio akasema chaji imekwisha, basi. Majid akasema labda mtandao, Kitomanga ukiwa bondeni hupati kitu. Redio akaona haitoshi, akasema huenda tembo wameangusha mnara, kwani tembo wa huku wana jambo gani wasiloliweza. Tulimkubalia haraka. Nilikuwa radhi tembo waangushe minara yote ya Lindi, mradi isiwe ile sababu nyingine.

Majid hakutuacha tupumue. Akasema sumu ya ndiga humlevya mtu kwanza, anaongea ovyo, halafu miguu inakataa. Redio naye akasema alisikia habari za mtu aliyekula akaanza kucheka, akacheka mpaka wakamfunika shuka bado anacheka. Majid akaongeza kwamba hata moshi wake tu unapofusha. Nikawaambia wanyamaze au niwamwagie maji ya vikombe. Deo alikuwa kainama, kashika kichwa, anawataja kwa majina waliomo kwenye nyumba ile: Abilahi, mkewe, mama mkwe, shemeji na wanawe. Niliogopa, sifichi.

Jua lilipokaribia utosi akaja Mama Consolata, mama mdogo wake Deo, kashuka kwenye basi na kiroba kichwani. Deo alikuwa amemwagiza vipande vingine kwa ajili yetu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anamwangalia mtoto wake. Alipoelezwa, alikaa chini kwenye vumbi na kiroba chake, akaanza kusali midomo inachezacheza.

Simu ikaita. Jina la Abilahi. Hakuna aliyetaka kuigusa, maana simu ya mtu inaweza kupigwa na mwingine kuleta habari. Mwisho Deo akaipokea, tukamsikia Abilahi mwenyewe, kanuna.

— Deo, umeniaibisha. Mama mkwe kaniuliza nimezilaza mto gani, nikamwambia mto wa nini. Kamwaga kikapu kizima chooni, kaniuliza kama nina haraka ya kumzika. Nimepigiwa kelele mbele ya mke wangu.

Deo alilia na kucheka pamoja. Majid akamkumbatia Redio, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nikawamiminia wote bure, mpaka dele likabaki machicha. Nilihisi mwili umerudi kuwa wangu.

Mama Consolata peke yake hakunywa. Alijipangusa vumbi, akatuangalia mmoja mmoja.

— Na nyie wengine, mmemwambia nani?

Redio akashika simu palepale, akampigia dada yake aliyeko Miteja. Dada akapokea, akasema ana ndiga ndani ila anangoja nazi. Redio akamwambia atupe zote, asiulize. Mimi nilimwambia mke wangu tu, na huyo hapiki kitu nilichosikia kijiweni. Tukamgeukia Majid.

Majid alikuwa anatazama barabara. Akasema yupo yule dereva wa lori la ufuta aliyekaa hapa siku ile tunangoja mvua ikatike. Alisema kwao ndiga zimejaa, watoto wake hawajawahi kuzila, atampelekea mkewe mapishi.

— Anaitwa nani? Mama Consolata akauliza.

Majid akaniangalia mimi, na Redio akaniangalia mimi, kwa kuwa kahawa nilimimina mimi. Sikuwa na jina. Sikujua kwao ni wapi. Ninachokumbuka ni kwamba aliyarudia mapishi mara mbili asije akasahau njiani, na aliposema ufuta unatangulia tui, Deo ndiye aliyemsahihisha.